Sherehe ni Maana ya Maneno

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika neno moja ubaoni, "fun", akatuambia tutafute mengine kumi yenye maana hiyo kabla kengele ya saa nne haijalia. Mimi nilipata kumi na mawili. "Merriment", "amusement", "enjoyment", "jollity", mpaka "revelry", ambalo nilikuwa nimelidaka kwenye kamusi bila kujua linatamkwaje. Darasa likanipigia makofi.

Siku hiyo hiyo shingoni mwangu kulikuwa na kibao. Waliosoma shule za mashambani wanakijua. Sisi tulikiita diski: kipande cha mbao kilichotobolewa na kupitishiwa kamba, anavishwa yeyote anayesikika akiongea lugha ya mama. Ukimsikia mwenzako amekosea, unamvisha yeye. Atakayebaki nacho jioni anachapwa. Mimi nilivishwa wakati wa mapumziko kwa sababu nilimwambia rafiki yangu utani kwa Kikipsigis, utani ambao kwa lugha nyingine yoyote haungechekesha hata mbuzi. Sikupata mtu wa kumpa. Saa kumi jioni nikachapwa, kichwani nikiwa na maneno kumi na mawili ya Kiingereza ya kufurahi.

Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia adhabu kama hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Yeye anaongea kuhusu shule za miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Sisi tulivishwa miaka sitini baadaye, bendera ni yetu, wimbo wa taifa tunaimba kwa Kiswahili, na kibao bado kinazunguka.

Nimekumbuka siku hiyo kwa sababu ya neno jingine. Nilienda chuo Nairobi, nikatoka mwaka wa pili karo iliponishinda, na sasa niko nyumbani Roret naandika makala za watu kwa simu na kompyuta ya mkopo. Kama hujui Roret, ni senta ndogo huku Bureti, Kaunti ya Kericho. Mbele chai, nyuma chai, mvua saa nane. Hapa senta hadithi yangu imefupishwa ikabaki sentensi moja: "Huyo? Raha za Nairobi zilimmaliza." Karo haitajwi. Ukimuuliza mtu ni raha gani hasa, hana jibu, ila uso wake unajua.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kuchimba. Raha ilipataje kuwa shtaka? Na yale maneno kumi na mawili niliyopigiwa makofi, yenyewe yalitoka wapi?

Kamusi ya watu wengine

Nianze na "fun". Ukilisikia leo unafikiri halina dhambi: watoto, puto, keki. Lakini katika karne ya 17 lilikuwa neno la mtaani London, na maana yake ilikuwa kulaghai mtu, kumfanya mjinga. Maana hiyo haijafa. Mwingereza akitaka kusema unamdhihaki mtu bado analitumia. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755, alilifafanua kama mchezo na furaha tele, kisha akaligonga muhuri kwamba ni lugha ya watu wa chini. Kwa maneno mengine, neno tulilochapwa ili tulijue lilikuwa Sheng ya wakati wake. Johnson angekuwa mwalimu wangu, angemvisha diski aliyelitamka.

"Amuse" nalo liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na kwa muda mrefu lilimaanisha kumtoa mtu akili, kumpumbaza ili asione unachofanya. Majenerali walilitumia vitani: unamchezesha adui upande huu, jeshi lako linapita upande ule. "Party" lilikuwa sehemu, upande, kundi lililojitenga na wengine. "Holiday" ilikuwa siku takatifu. "Merry" ndilo linalonipendeza zaidi, kwa sababu wanaofuatilia asili ya maneno wanasema mzizi wake wa kale ulimaanisha kitu kifupi. Kinachofurahisha ni kile kinachofanya muda uwe mfupi. Mtu yeyote aliyewahi kuchuma chai toka alfajiri, kikapu mgongoni, anaelewa hilo bila kamusi.

Upande wa Kiswahili nao una mambo. Maneno yetu mengi ya kufurahi yalipanda jahazi kutoka Uarabuni. Raha na starehe ni ndugu, yote mawili yanatokana na kupumzika. Tafrija ni kuondolewa dhiki. Karamu iko jirani na ukarimu. Anasa, ambayo leo ukiitaja kanisani watu wanafumba macho, inatoka kwenye mzizi wa kuzoeana, kuwa na mwenzako, kutokuwa mpweke. Burudani ni jamaa wa baridi: kuburudika ni kupoa. Hapo ndipo unajua neno lilizaliwa wapi. Mombasa baridi ni zawadi. Roret, saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, umande umejaa kwenye majani, baridi ni baridi tu. Hakuna aliyeburudika.

Halafu kuna sherehe. Kila aliyekaa mtihani wa Kiswahili Kenya ameliona nyuma ya diwani ya mashairi: ukurasa wa mwisho, herufi nzito, "Sherehe", kisha orodha ya maneno magumu na maana zake. Nakumbuka tukicheka, mbona pati imewekwa mwisho wa kitabu? Kumbe asili yake ni kueleza, kufafanua, kufungua kilichofungika. Kutoka kufungua maana, neno likafika kwenye kufungua moyo. Leo vijana wa Nairobi wanasema sherehe ni sheria, na wengi hawajui kwamba sherehe hiyo hiyo iliwahi kuwasaidia kupata alama mbili kwenye shairi.

Nilimuuliza kogo, bibi yangu, aniambie Wakipsigis wa zamani waliita "fun" nini. Alinitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi. Neno la kufurahi lipo, analiimba kila Jumapili. Lakini neno la kufurahi tu, bila sababu, bila mwenyeji, hakulipata. Akanipa orodha. Tumdo, ambayo ni sherehe ya mila. Koito, siku ya kupanga mahari. Siku ya kumpa mtoto jina. Siku mtu alipoita majirani kumsaidia shamba na jioni akawapa pombe. Kila furaha katika orodha yake ilikuwa na jina la shughuli, na ukisikia shughuli unajua ni kwa nani, nani amealikwa, na nani atapika. Aliniuliza, "Sasa hiyo yenu ya bila sababu, mnajuaje imeisha?"

Sikuwa na jibu. Ila nikajua pa kutafuta. Furaha isiyo na mwenyeji inahitaji saa, mlango na bei, na vitu hivyo vitatu vilikuja na Mwingereza.

Beni

Maneno ya Kiingereza ya starehe hayakuja kwanza kwa kamusi. Yalikuja kwa masikio. Pwani, mwaka 1875, wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha makazi ya watumwa walioachiliwa huru, yakaitwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Pale, kama kwenye gwaride za jeshi na za mabaharia, watu wa pwani walisikia bendi za matarumbeta. Kufikia miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wameichukua bendi, wakaitoa kwenye gwaride na kanisa, wakaifanya ngoma yao. Wakaiita beni.

Terence Ranger, mwanahistoria Mwingereza, aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo, kikatoka 1975. Vyama vya beni vilikuwa na sare, vyeo na upinzani wa kufa mtu. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, askari na wapagazi waliibeba beni mpaka Nyasaland na kwingineko. Baadhi ya maofisa waliingiwa na wasiwasi: hawa Waafrika wanaojiita mfalme na jenerali wakicheza, wanacheza au wanajiandaa? Wengine waliona ni watu wanaoiga Wazungu kama kasuku.

Mimi naona jambo jingine. Neno "band" lilipokuja lilikuwa na mwenyewe: gavana, meja, padri. Lilipotoka lilikuwa beni, na mwenyewe alikuwa mchukuzi wa bandarini aliyejipa ukanali wikendi. Kwenye "dance" ikawa vivyo hivyo. Likawa dansi, likapata kumbi zake Nairobi, kama Pumwani Memorial Hall iliyofunguliwa 1924 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika vita hiyo hiyo. Watu wakacheza ndani ya mnara wa maombolezo. Sidhani marehemu walilalamika.

Lakini kuna neno moja lililochelewa kubadilika, "club". Muthaiga Country Club ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914. Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba trei. Klabu ilikuwa furaha yenye ukuta, na raha yenyewe ilikuwa huo ukuta. Inafurahisha kwamba neno hilo lilipofika kwa watu wa kawaida Afrika Mashariki likageuka kilabu, nyumba ya pombe ya kienyeji, mabenchi ya mbao, mlango hauna hata komeo.

Wikendi huja na zamu

Huku kwetu neno la Kiingereza lilikuja na shamba. Baada ya vita, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho, ikazipa mpango wa kuwasaidia maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani. Walitarajiwa kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa mapema miaka ya 1920, lakini ardhi haikurudi. Kufikia katikati ya muongo huo kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, zilikuwa zimeingia Kericho. Kijani unachokiona kwenye picha za watalii kilianzia hapo.

Chai ilileta kengele. Kabla yake ng'ombe na mvua ndio waliokuwa na ratiba. Sasa kulikuwa na kuamka kwa king'ora, kupima, kuandikwa, na mwisho wa mwezi kulipwa. Na maneno ya kupumzika yakaja yakiwa yameshikana mikono na maneno ya kazi: ofu, wikendi, soshal hol. Huwezi kuwa na wikendi kama huna wiki ya mtu mwingine. Kogo hakuwahi kuajiriwa shambani mwa kampuni, na mpaka leo hatumii neno wikendi. Ana Jumapili, basi.

Upande mwingine walikuwepo wamisionari. Litein, Tenwek kule Bomet, kote walijenga shule na hospitali ambazo tunazitumia mpaka sasa. Lakini kwa wengi wao pombe ilikuwa dhambi, na ngoma ya mila ilikuwa pombe inayotembea. Aliyeokoka aliacha vyote viwili. Kwa hiyo kijana wa Bureti wa miaka ya arobaini alijikuta hapa: ngoma ya babu yake imekatazwa na kanisa, klabu ya Mzungu imefungwa kwa rangi, na soshal hol iko kwenye shamba la kampuni. Mahali palipobaki ni masikio yake.

Chemirocha

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Tracey alikuwa Mwingereza aliyekwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, akaupenda muziki wa wenyeji, na akatumia maisha yake kuurekodi katika nchi nyingi za Afrika. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika Afrika Kusini, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Kutoka hapa Roret mpaka Kapkatet si mbali. Nimepita pale mara nyingi sana nikiwa na haraka ya kwenda mahali pengine.

Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kulikuwa na tatu zenye jina moja: Chemirocha. Wa kwanza uliimbwa na Cherwo Arap Korogem. Wa pili, Bekyibei Arap Mosonick pamoja na Cheriyot Arap Kuri. Wa tatu ndio uliokuja kuzunguka dunia: Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis, sauti nyembamba, zinaitikiana, na chini yake kuna chepkong', kinubi chetu, kikipiga hatua moja ile ile kama mtu anayetembea bila wasiwasi.

Chemirocha ni nani? Litamke taratibu. Che-mi-ro-cha. Jimmie Rodgers.

Jimmie Rodgers alikuwa Mmarekani wa Mississippi, aliyezaliwa 1897, mfanyakazi wa reli aliyegeuka mwimbaji. Alianza kurekodi 1927, gitaa moja na sauti inayoruka juu ghafla kama mtu aliyekanyaga moto. Leo wanamuita baba wa muziki wa kauntri. Kifua kikuu kilimuua New York mwezi wa tano 1933, akiwa na miaka 35. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Ila santuri zake zilifika, pamoja na gramafoni za Wazungu, mpaka kwenye vilima hivi. Kikipsigis hakina haja na "j" ya Kiingereza, kina "ch". Na "Che" kwetu ni mwanzo wa majina ya watu: Chebet, Cherono, Chepkemoi. Jina la mgeni lilipoingia mlangoni lilikuwa tayari limevaa nguo za hapa.

Tracey aliandika alivyoelezwa. Wasichana wale walimwazia Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Sauti ile inayoruka haikuwa ya binadamu kamili, na hakuna aliyewahi kumuona. Katika wimbo wanamkaribisha aje acheze nao. Na jina lenyewe lilikuwa limeanza kutumika kwa kitu chochote kigeni, kipya, cha kushangaza.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikuwa Nairobi, hosteli, usiku, na niliona aibu. Nikawaza: dunia inatucheka, watu wa kijijini walioamini santuri ina mnyama ndani. Makala nyingi za Wazungu kuhusu wimbo huu zina tabasamu hilo. Ilinichukua muda kugundua kwamba aibu ile ilikuwa na kamba shingoni.

Fikiria walichofanya. Walikuwa wasichana wa enzi ambayo ngoma yao imeitwa dhambi na ardhi yao imeitwa ya kampuni. Ikaja sauti ya Mzungu kutoka kwenye kisanduku. Wangeweza kuiogopa au kuiiga. Badala yake wakamfanya mgeni. Wakampa jina linaloita vizuri, wakampa miguu ya mnyama anayejulikana huku, wakampigia chepkong' badala ya gitaa, na wakamwambia karibu, cheza. Jimmie Rodgers alikuwa bidhaa. Chemirocha alikuwa amealikwa. Turudi kwa swali la kogo: furaha hii ilikuwa na mwenyeji, na mwenyeji alikuwa yule msichana anayeimba.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, 2014, maktaba ile ya Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music, ilirudisha rekodi hizo Kapkatet. Cheriyot Arap Kuri, yule wa wimbo wa pili, alikuwa bado hai, mzee sasa. Watu waliokuwa watoto 1950 walisikia sauti za mama zao na dada zao zikitoka kwenye spika. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule, si mbali na pale, na hakuna mwalimu aliyetuambia. Tulikuwa tunatafuta maneno kumi.

Bonasi

Baada ya uhuru chai ilishuka kutoka kwa kampuni ikaingia kwenye vishamba vya watu. KTDA ilianzishwa 1964, na familia kama yetu zikapata nambari ya mkulima na miche. Pamoja na hayo likaja neno ambalo Roret nzima inalitamka kwa upole kama jina la mpenzi: bonasi. Kwa Kilatini maana yake ni jema tu. Kwetu ni yale malipo ya pili, mwezi wa kumi, baada ya kiwanda kuuza chai ya mwaka.

Mwezi wa kumi Roret haifanani na mwezi mwingine wowote. Mabati mapya yanawaka juani. Koito zinapangwa, zile za siku hizi, zenye hema, emsii na keki. Baa zinapiga kauntri, Jim Reeves na Kenny Rogers, halafu Kipchamba na Koilong'et Band mpaka wazee wanaacha viti. Kinadharia baa hizo zinafuata sheria ya 2010, ile ya Mututho: siku za kazi, kunywa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Chang'aa, iliyopigwa marufuku kabisa mwaka 1980, ilihalalishwa na sheria hiyo hiyo ya 2010, mradi itengenezwe kwa viwango na kuuzwa kwenye chupa. Nani ameona hiyo chupa Roret, anyooshe mkono.

Na kuna miaka bonasi ni mbaya. Sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kulipwa chini kuliko wenzetu wa mashariki, na mwaka bei ikianguka senta inanyamaza kama kuna matanga. Ndipo unapoelewa kwamba furaha yetu imefungwa kwenye mnada wa chai Mombasa. Sherehe za mji mzima zinategemea nyundo ya mtu ambaye hatujawahi kumuona.

Kina mama wanalijua hilo, ndiyo maana wamelichukua neno la Kiingereza la starehe na kulifanyia jambo ambalo Mwingereza hakuliwazia. "Merry-go-round" kwao ni bembea ya watoto, farasi wa mbao wanaozunguka. Kwetu merigoraundi ni chama: kila wiki kila mama anatoa kiasi kile kile, na mmoja anachukua zote, wiki ijayo mwingine. Hakuna farasi. Kinachozunguka ni sufuria, magodoro, karo. Karo yangu ya muhula wa kwanza chuo ilitoka kwenye merigoraundi ya kogo. Wanapokutana wanakunywa chai, wanacheka hadi barabarani unasikia, kisha wanahesabu pesa. Ukiwaambia hiyo si "fun", wanakuangalia tu.

Vijana nao hawajalala. Ijumaa imekuwa Furahidei, neno ambalo lina baba Mwarabu na mama Mwingereza na limezaliwa Kenya. Kukesha kulikuwa kwa maombi, sasa kuna kesha mbili na ukiambiwa twende kesha lazima uulize ya wapi. Kule magharibi disko na matanga yameoana, disko matanga, na serikali imeyakataza mara nyingi kiasi kwamba unajua bado yapo. Na "form", lile neno kavu la ofisini la kujazwa kwa kalamu nyeusi, limekuwa swali la kila Ijumaa: form ni gani?

Kwa hiyo sasa nikisikia "raha zilimmaliza", najua ni nani anayeongea. Ni kanisa la miaka ya arobaini, ni nyapara wa shamba, ni Johnson na muhuri wake, wote wanatumia mdomo wa jirani yangu ambaye mwenyewe anapenda kucheka. Nairobi sikumalizwa na raha. Nilikuwa na marafiki watatu, jiko moja la gesi na spika iliyopasuka, na Ijumaa tulikuwa tunapika chapati huku tukibishana nyimbo. Nikitafuta neno la Kiswahili la usiku ule, ni anasa, kwa maana yake ya kwanza: hatukuwa wapweke. Kilichonimaliza kilikuwa na nambari ya akaunti na tarehe ya mwisho.

Mwaka jana bonasi ilipoingia, ilikuwa Ijumaa. Mvua imepita, senta kelele, kogo amekataa kwenda popote. Nikaketi naye jikoni nikamwekea Chemirocha wa tatu kwenye simu. Mwaka 1950 alikuwa mtoto mdogo, na Kapkatet siku ile hakuwepo. Lakini jina alilijua. Akasema walipokuwa wadogo lilikuwa la mtu yeyote anayekuja na mambo yake yasiyoeleweka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye shavu, kidole kimoja kikigonga kwa mdundo wa chepkong'.

"Na huyo Mzungu," akauliza, "alikuja kucheza?"

Nikamwambia hapana, alikufa 1933, hakuwahi kufika.

Kogo akacheka, kicheko cha wale wa merigoraundi. "Basi walicheza bila yeye. Weka tena."

Nikaweka tena.